Meza Mbili za Marko 6: Ijumaa Usiku Unakaa Ipi?



Somo la kutafakari wiki hii: Marko 6:14-44. Tafadhali chukua Biblia yako, usome lote kwa utulivu, halafu urudi tuendelee.

Kuna swali ambalo halikosi kwenye vikao vyetu vya vijana, iwe ni VIWAWA parokiani au TMCS chuoni. Huwa linaulizwa mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kukunja viti, na muulizaji huwa anacheka kidogo ili lionekane ni utani: "Hivi jamani, kwenda kula kwenye mgahawa wenye bendi Ijumaa usiku ni dhambi?"

Anayeuliza anaishi Mwanza, kwa hiyo tunamwelewa. Ijumaa jioni jua linazama upande wa ziwa, Jiwe la Bismarck linabaki kivuli cheusi juu ya maji, na upepo unaanza kuvuma. Kuanzia Capripoint, kupita mjini kati mpaka Kirumba, unasikia bendi zinajaribu vyombo. Gitaa la solo linalia kidogo, linanyamaza, linalia tena. Baadaye zitapigwa zilipendwa, zifuate rumba, na kufika saa nne hivi ni Bongo Fleva. Sato mzima wa kubanika analetwa mezani na ndizi, kachumbari, limao na pilipili. Umefanya kazi wiki nzima, au umetoka kwenye mtihani kule Malimbe. Nani asiyetaka mtoko wa namna hiyo?

Basi nijibu moja kwa moja. Hapana, kwenda kula na kusikiliza muziki siyo dhambi. Ila jibu hilo peke yake halitoshi, kwa sababu swali lenyewe limeulizwa nusu. Nusu nyingine tunaipata kwa Marko.

BWANA WETU ALIKUWA MTU WA MEZANI

Kwanza tuondoe hofu isiyo na sababu. Wapo wanaodhani kwamba Mkristo mzuri ni yule anayekaa kwenye kona na soda moja, uso umekunjwa, anahesabu dhambi za wenzake. Yesu hakuwa hivyo. Alikula nyumbani kwa Lawi pamoja na watoza ushuru (Mk 2:15). Alienda harusini Kana, na divai ilipoisha hakusema afadhali imeisha (Yn 2:1-11). Alialikwa mara nyingi kiasi kwamba wapinzani wake wakamwita mlafi na mlevi (Lk 7:34). Tukana hilo lilikuwa la uongo, lakini mtu asiyeonekana kabisa kwenye meza za watu hawezi kutukanwa hivyo.

Na kwetu kanda ya ziwa Kanisa limewahi kuonyesha kwamba haliogopi ngoma. Nenda Bujora, pale Kisesa, barabara ya kwenda Musoma. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliwapenda Wasukuma na utamaduni wao. Leo pale kuna kanisa na makumbusho ya Wasukuma, na kila mwaka karibu na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo kunakuwa na Bulabo, tamasha kubwa la ngoma ambalo jina lake linatokana na maua. Wapo Bagika, wapo Bagalu, wapo wanaocheza na majembe, wapo wanaocheza na nyoka. Vumbi linatimka, watu wanafurahi, na chimbuko la furaha hiyo ni Ekaristi, yaani chakula. Ukilielewa jambo hilo umeshaelewa nusu ya makala hii: kwa Mkatoliki, meza na muziki vina ukoo na altare.

Ndiyo maana hatuwezi kusema "ni mgahawa tu, hauhusiani na imani". Unahusiana sana. Sasa tuingie kwa Marko.

MEZA YA KWANZA: IKULU KWA HERODE

Marko ameweka karamu mbili kwenye sura moja, moja baada ya nyingine, na kati yake kuna mistari michache tu. Sidhani kama ni bahati mbaya. Nadhani anataka tuzilinganishe.

Ya kwanza ni sherehe ya kuzaliwa kwa Herode. Wageni ni wakubwa wa serikali, maofisa wa jeshi na watu maarufu wa Galilaya (6:21). Kwa lugha yetu ya mtaani ilikuwa sherehe ya VIP. Kuna burudani ya papo kwa papo: binti wa Herodia anaingia na kucheza, na wanaume wote pale wanapendezwa. Herode akiwa amechangamka anaahidi mbele ya watu kwamba binti aombe chochote, hata nusu ya ufalme, atapewa.

Tusimame hapo kidogo. Herode Antipa hakuwa mfalme kamili. Luka na Mathayo wanatuambia alikuwa mtawala wa sehemu tu ya nchi (Lk 3:1, Mt 14:1), na hata hiyo aliitawala kwa idhini ya Roma. Hakuwa na nusu ya ufalme ya kumpa mtu. Aliahidi kitu ambacho si chake ili aonekane mkubwa mbele ya wageni wake.

Binti anatoka, anamuuliza mama yake, anarudi na ombi: kichwa cha Yohane Mbatizaji kwenye sinia. Marko anasema mfalme alihuzunika sana. Kumbe dhamiri yake ilikuwa bado inafanya kazi! Alijua Yohane ni mwenye haki, alikuwa hata akipenda kumsikiliza (6:20). Kwa nini basi hakukataa? Marko anataja sababu mbili: viapo vyake na wale aliokaa nao mezani (6:26). Aliwaonea aibu wageni. Nabii akafa ili mtu mmoja asionekane ameishiwa mbele ya marafiki zake.

Jambo jingine ambalo ni rahisi kulipita: katika habari nzima ya karamu ile Marko hataji chakula hata kimoja. Hakuna mkate, hakuna nyama, hakuna tunda. Sinia moja tu ndiyo inayotajwa, na juu yake kuna kichwa cha mtu.

MEZA YA PILI: UFUKWENI MWA ZIWA

Baada ya hapo wanafunzi wa Yohane wanauzika mwili wake, mitume wanarudi kutoka utume, na Yesu anawaambia waende mahali pa faragha wapumzike, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo (6:31). Kwa hiyo Yesu naye anajua kwamba watu wanaofanya kazi wanahitaji kupumzika na kula vizuri. Wanapanda mashua.

Ziwa lile la Galilaya ni dogo sana ukililinganisha na letu. Urefu wake ni kilomita 21 hivi tu, na mtu akitembea haraka ukingoni anaweza kuiwahi mashua upande mwingine. Ndivyo ilivyotokea. Watu wakawahi, Yesu akawahurumia, akafundisha mpaka jioni.

Jioni mitume wakasema watu waagwe wakajinunulie chakula. Yesu akawaambia wawape wao wenyewe. Wakapiga hesabu ya haraka: dinari mia mbili, yaani karibu mshahara wa siku mia mbili za kibarua. Sasa angalia Yesu anachofanya. Haahidi nusu ya ufalme. Anauliza wana mikate mingapi, na anawatuma waende wakaangalie (6:38). Anaanza na kilichopo. Mikate mitano, samaki wawili.

Kisha anawaketisha kwa vikundi kwenye majani mabichi, anatazama mbinguni, anabariki, anamega, anatoa. Hakuna meza ya VIP. Samaki wawili wale waligawiwa kwa wote (6:41). Wote wakala wakashiba, na hata mabaki yakakusanywa, vikapu kumi na viwili. Hakuna mtu aliyelipia mlo ule kwa mwili wake au kwa heshima yake.

Hizo ndizo meza mbili. Kwa mbali unaweza kuzichanganya, kwa sababu zote ni jioni, zote zina watu wengi na zote zina mwenyeji. Swali kwako kijana mwenzangu ni hili: meza yako ya Ijumaa, pale kwenye bendi, inafanana na ipi? Marko anatupa vipimo vitatu.

KIPIMO CHA KWANZA: NANI ANAAMUA, DHAMIRI AU WAGENI?

Herode alikuwa na dhamiri, ila aliikabidhi kwa waliokaa naye mezani. Na sisi je? Ulitoka nyumbani umeamua ni soda mbili na kurudi saa tatu. Mwenzako akasema, "Aah, wewe mtakatifu sana!" na ghafla umeagiza usichokitaka. Ulikuwa na elfu thelathini ya wiki nzima, ila meza imejaa watu wanaochukua picha za sahani zao, nawe ukaona aibu kuagiza chipsi kavu.

Mtakatifu Augustino, ambaye chuo chetu kikuu pale Malimbe kimepewa jina lake, anasimulia katika Maungamo yake jinsi alivyoiba mapeari akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Hakuwa na njaa. Anakiri kwamba kama angekuwa peke yake asingeiba. Ilikuwa ni kundi, na aibu ya kuonekana huna ujasiri wa kukosea kama wenzako. Miaka zaidi ya 1,600 imepita na kundi la WhatsApp linatufanyia vilevile.

Hapa ndipo madeni yanapoingia. Tunawajua vijana wanaokopa ili kusherehekea siku ya kuzaliwa mgahawani. Wengine wanamaliza bumu ndani ya wiki mbili, halafu wanaishi kwa maharage ya kukopa. Wengine wanakwenda kwenye mikopo ile inayoitwa kausha damu, na jina lake linasema ukweli wote. Unakopa laki moja ya kula bata usiku mmoja, unalipa kwa miezi, unaanza kukimbia simu, na mwisho simu zinaanza kupigwa kwa mama yako kijijini. Herode aliahidi ufalme usio wake. Kijana anayelipa bili kwa pesa isiyo yake amekaa kiti kilekile.

Dawa yake Yesu ameshaitoa: nenda kaangalie una mikate mingapi. Kabla ya kutoka nyumbani, hesabu. Toa kwanza ya nauli, ya kodi, ya sadaka, ya kumtumia mama. Kilichobaki ndicho cha mtoko. Kama kilichobaki kinatosha mihogo na dagaa wa kukaanga pembeni ya ziwa, kula mihogo na dagaa kwa furaha, na mshukuru Mungu. Ziwa ni lilelile, upepo ni uleule. Na bendi ikiwa jirani utaisikia bure!

KIPIMO CHA PILI: JE, KUNA MTU ANAYEGEUZWA MALIPO?

Hiki ndicho kipimo kizito, na ninaomba tukisome polepole.

Yule aliyecheza kwa Herode, Marko anamwita kwa neno la Kigiriki ambalo sura moja kabla alilitumia kwa binti wa Yairo, mtoto wa miaka kumi na miwili (5:42). Yaani ni msichana mdogo. Angalia kilichompata usiku ule. Wanaume wazima wamemkodolea macho. Baba wa kambo anamwahidi vikubwa mbele ya watu. Mama anamtumia kulipiza kisasi. Mwisho anakabidhiwa sinia yenye kichwa cha maiti aibebe kwa mikono yake. Hakuna aliyemuuliza, "Binti, umekula?" Kwenye meza ile mtu mmoja aligeuzwa burudani na mwingine aligeuzwa malipo.

Sasa turudi mjini. Kaka anamwalika dada chakula cha jioni. Wanakula vizuri, bendi inapiga, bili inakuja, kaka analipa. Halafu njiani maneno yanabadilika. "Yaani nimetumia hela yote ile halafu unaenda kwenu?" Akikataa anatangazwa kwamba amekula hela ya mtu. Na ubaya zaidi, wapo akina dada wanaoamini kwamba kweli wanadaiwa. Wanakubali wasichokitaka kwa sababu ya sato na vinywaji viwili.

Kaka yangu, sikiliza. Ukilipa bili umelipa samaki, ndizi na kachumbari. Basi. Hujanunua mtu. Mwili wa dada yule ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19), na tayari umenunuliwa kwa Damu ya Kristo. Kama moyoni mwako chakula kile ni rehani, usimwalike. Kaa nyumbani upike ugali wako, utakuwa umemkosea Mungu kidogo zaidi. Na akisema hapana, ni hapana, hata kama bili ilifika laki mbili. Anayelazimisha hajafanya "mambo ya vijana". Ametenda dhambi kubwa, na pia ni kosa la jinai.

Dada yangu, nawe sikiliza. Hudaiwi. Mtu akikulisha halafu akatoa hesabu, amejionyesha mwenyewe ni nani, na ni vizuri umejua mapema. Beba nauli yako ya kurudia, hata kama umeambiwa usijali. Mwambie mtu nyumbani uko wapi na uko na nani. Kinywaji chako kisikae mezani peke yake ukienda msalani. Na kama lililotokea lilikuwa la kulazimishwa, aibu siyo yako. Tafuta msaada hospitalini na polisi kwenye dawati la jinsia, na tafuta mtu unayemwamini, awe sista, padre, mama mlezi au dada mkubwa. Usibaki na mzigo huo peke yako.

Ila haki ina pande mbili, tuwe wakweli. Dada anayealikwa yeye mmoja akaja na wenzake wanne bila taarifa, wote wakaagiza cha bei ya juu kabisa kwa sababu "si yeye ndiye kaita", naye amemgeuza mwenzake pochi. Kijana anayezunguka kwenye meza za wengine kila wiki kwa kitonga, hajawahi kuchangia hata maji, naye anawatumia watu. Yesu alisema wapeni ninyi wenyewe. Kila mtu aje na mkate wake, hata kama ni mdogo. Kukubaliana mapema kwamba kila mmoja atajilipia siyo ushamba. Ni heshima, na uhusiano unaoanza kwa heshima hiyo una nafasi nzuri zaidi ya kufika altareni.

KIPIMO CHA TATU: NANI YUKO NJE YA TAA?

Wakati ikulu inacheza, Yohane alikuwa gerezani. Wageni walikula na kunywa bila kumkumbuka, mpaka kichwa chake kilipoletwa.

Ukikaa kwenye mgahawa wa pembeni ya ziwa usiku usio na mwezi, tazama kule majini. Utaona taa nyingi zimejipanga mbali, kama kuna mji mwingine juu ya maji. Wengi wanazipiga picha kwa sababu zinapendeza. Zile ni taa za wavuvi wa dagaa. Wanatoka jioni, wanawasha taa ili dagaa wasogee, na wanavuta nyavu usiku kucha, kwenye baridi na mawimbi. Wewe unaposikiliza gitaa, wao wako kazini. Asubuhi mzigo wao utafika Mwaloni, akina mama watauanika juani na kuufunga kwenye magunia.

Karibu zaidi yako kuna mhudumu anayesimama tangu mchana. Usimwite kwa kupiga kidole wala kwa "psst". Mwite dada, mwite kaka. Akikosea oda, mwambie kwa upole. Kuna uwezekano Jumamosi asubuhi mkakutana kwenye jumuiya ndogondogo, na itakuwa vigumu kumpa mkono ukisema "Tumsifu Yesu Kristo" kama jana ulimfokea mbele ya watu. Mpiga kinanda yule naye usishangae Jumapili ukimkuta anaipigia kwaya. Ukimtunza mtunze kwa heshima, usimrushie noti kama unamdhalilisha.

Na mabaki yasitupwe. Yesu mwenye uwezo wa kulisha maelfu aliagiza makombo yakusanywe. Sisi wenye bajeti ya kubana tunaacha nusu ya samaki kwenye sahani kwa kuogopa kuonekana washamba! Omba ufungiwe. Hapo nje kuna mlinzi ambaye hajala, na kuna watoto wa mitaani wanaolala kwenye vibaraza vya maduka. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati wa Turin, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis, alikuwa kijana wa marafiki, utani na milima. Familia yake ilikuwa na uwezo. Lakini nauli yake ya tramu mara nyingi aliwapa maskini, akakimbia kwa miguu ili awahi chakula nyumbani. Alikufa mwaka 1925 akiwa na miaka 24, na familia yake ikashangaa kuona umati wa maskini waliokuja kumzika. Furaha yake haikuwahi kuwasahau walioko nje ya taa.

MAMBO MADOGO YA KUFANYA

Sitaki tafakari hii iishie kichwani, kwa hiyo chukua haya:

1. Fanya ishara ya msalaba kabla ya kula, hapohapo mezani, hata kama bendi inapiga. Usiifiche kama unafukuza nzi kifuani. Sala fupi inatosha.

2. Ukinywa, kunywa kwa kiasi. Katekisimu namba 2290 inatuonya juu ya kupita kiasi katika chakula na pombe, na inasema wazi kwamba anayehatarisha usalama wa wengine barabarani kwa sababu ya ulevi ana hatia kubwa. Bodaboda aliyelewa na abiria aliyelewa ni maiti wawili wanaotafuta kona.

3. Ijumaa za Kwaresima tunajinyima nyama. Hapa Mwanza tuna mtihani wetu wa pekee, kwa sababu kuacha nyama ya kawaida na kumkabili sato mzima wa kubanika huku bendi ikipiga siyo mateso, ni sherehe! Sheria umeitimiza, lakini roho ya sheria imebaki njaa. Ijumaa hizo kula kawaida nyumbani, na ile tofauti ya pesa mpe mhitaji.

4. Linda Jumapili. Mtoko wa Jumamosi unaokufanya ukose Misa, au uje Misa ya kwanza ukisinzia, umekula chakula cha wiki nzima. Saa moja kabla ya Komunyo tunafunga kula na kunywa isipokuwa maji na dawa. Ni saa moja tu, ila inatukumbusha kwamba kuna meza nyingine inayotungoja.

5. Mara moja kwa mwezi mualike mtu ambaye hawezi kukualika (Lk 14:12-14). Siyo lazima mgahawani. Hata chai na maandazi inatosha.

KAMA UMESHAKAA KWENYE MEZA YA HERODE

Labda umesoma mpaka hapa na moyo unakuuma. Uliyoyasoma umeyafanya, au umefanyiwa. Labda deni bado lipo, labda kuna mtu ulimtendea kama malipo, na kila ukipita karibu na altare unajisikia hustahili. Kwako kuna meza ya tatu, na yenyewe pia iko ufukweni. Iko katika Yohane 21.

Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu, na alimkana akiwa anaota moto na watu wengine. Naye aliogopa waliomzunguka, kama Herode. Baada ya Ufufuko anarudi ziwani, anavua usiku kucha, hapati kitu. Alfajiri kuna Mtu amesimama ufukweni. Wanapofika wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana Mfufuka amebanika samaki! Anawaita waje kula kwanza. Hamwambii Petro, "Eleza kilichotokea usiku ule ndipo ule." Anamlisha, anamwacha ashibe, ndipo anamuuliza kama anampenda. Na akishajibiwa anampa kazi ya kuwalisha wengine.

Ndiyo maana nasema usiikimbie altare. Nenda kwenye kitubio wiki hii. Mapadre wetu husikiliza maungamo, na kama ratiba huijui, mgongee padre mlango umwombe. Kama kuna mtu ulimuumiza, ukubali kosa lako mbele yake bila visingizio. Kama kuna deni, anza kulilipa kidogokidogo na acha kukopa jingine. Kisha rudi kwenye meza ya Bwana, ambako Mwenyeji mwenyewe ndiye Chakula, na hakuna anayeletewa bili kwa sababu ameshalipa.

TUSALI

Ee Bwana Yesu, uliyeketi mezani na wakosefu na ukawabanikia samaki rafiki zako waliokuwa wamechoka, asante kwa chakula, kwa muziki, kwa marafiki na kwa ziwa ulilotupa. Utusamehe pale tulipowaogopa watu kuliko Wewe, na pale tulipomfanya mwenzetu kuwa malipo. Wakumbuke wavuvi walioko majini usiku huu, wapishi, wahudumu na wanamuziki, uwarudishe nyumbani salama. Waponye walioumizwa. Utufundishe kuhesabu mikate tuliyo nayo, kuibariki, kuimega na kuigawa, mpaka siku ile utakapotuketisha kwenye karamu isiyo na mwisho, unakoishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mama Bikira Maria, uliyeona divai imeisha kabla ya wengine kuona, utuombee.